Kabla hujabeba bomba, geuza jani

Msimu ule kunde zangu ziliingiliwa na vidukari weusi mpaka vikonyo vya maua vikawa kama vimepakwa masizi. Katikati yao walikuwa wanatambaa vidudu virefu vyeusi, vina mabaka ya rangi ya chungwa mgongoni, ukiviangalia utadhani mamba wadogo. Nikajua ndio wabaya wenyewe. Nikawaminya, waliobaki nikawapulizia dawa pamoja na vidukari.

Wiki moja na ushee baadaye vidukari walikuwa wamejaa kuliko mwanzo. Mamba hata mmoja sikumwona.

Bwana shamba akanicheka. Wale walikuwa watoto wa mdudu kobe, yule mwekundu wa madoa meusi ambaye watoto wetu humchezea kiganjani, na walikuwa wanakula vidukari. Kidukari jike anazaa bila dume, anazaa watoto hai, na baada ya wiki hivi nao wanazaa. Kobe tangu yai hadi kukomaa huchukua kama wiki tatu. Ukiua wote siku moja, anayewahi kurudi unamjua.

Kwa hiyo siku hizi nageuza jani kwanza. Vijiyai vya njano vilivyosimama wima kwa kikundi, hivyo ni vya kobe, naviacha. Kidukari aliyevimba, rangi ya majani makavu, hatikisiki, huyo ameshaliwa ndani na mtoto wa kinyigu kidogo sana. Naye namwacha.

Ila usimwamini kila kobe. Kwenye maboga kuna anayekula majani: rangi yake ya kutu haing'ai, ukimsogeza jichoni ana vinyweleo, na watoto wake ni wa njano wenye miiba. Jani analiacha kama chandarua. Huyo namwokota asubuhi kwa mkono, namtia kwenye kopo la maji ya sabuni.

Sisimizi wakipanda kunde kwa mstari, wanafuata utamu wa vidukari, na wao humfukuza kobe. (Majimoto wa kwenye mikorosho ni habari nyingine, wale wanalinda korosho.)

Mwaka huu tuta la kando ya mahindi ndilo lililozidiwa. Nililipulizia maji ya sabuni mche kwa mche, nikiruka kila shina lenye mamba.