Tatuu na kutoboa mwili ni dhambi?
Ndugu umeuliza kama tatuu na kutoboa mwili ni dhambi, mi naona usivichanganye, ni vitu viwili tofauti. Kwa Waislamu tatuu haina mjadala sana, hadithi ya Bukhari na Muslim imemlaani anayechora na anayechorwa, ila hina inafutika ndo maana ruksa, na kutoboa masikio kwa wanawake wanazuoni wengi wamekubali. Na kama ulichorwa kabla hujatubu usiogope kuswali, wino uko chini ya ngozi, maji ya udhu yanafika vizuri tu. Wakristo wengi wanashika Walawi 19:28, sawa, lakini hapo kuandika alama mwilini kunatajwa pamoja na kuchanja chale kwa ajili ya wafu, na mstari wa 27 juu yake unakataza kuharibu pembe za ndevu, mbona huo tunauruka? Rebeka kwenye Mwanzo 24 alivalishwa pete puani na hakuna aliyemhukumu. Wakopti, yaani Wakristo wa kale wa Misri, wanachora kamsalaba kadogo ndani ya kifundo cha mkono, hata watoto, ndo imani yao ile. Inaniuma kweli binti akifukuzwa ibadani kisa kipini.