Barua kwa mwanangu: Wakristo wahafidhina na chama cha Republican

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata, na picha ya ile karatasi uliyoikuta kwenye benchi la kanisa nimeitazama kwa makini: upande mmoja jina la mgombea huyu, upande wa pili la mpinzani wake, katikati mambo yanayobishaniwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba kanisa halimpigii debe mtu yeyote. Umeniuliza imekuwaje Wakristo wahafidhina wa Marekani, hasa wazungu wa makanisa ya kiinjili, wakaegemea kwa wingi namna hiyo chama cha Republican, na kama ni kweli kwamba kilichowaingiza katika siasa ni hukumu ya mwaka 1973 iliyohalalisha utoaji mimba.

Hilo la mwisho linasemwa sana, lakini ukizifuata tarehe utaona halikai sawa. Mwaka 1971 Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, walikutana St. Louis wakapitisha azimio la kutaka sheria iruhusu mimba kutolewa katika hali kadhaa, zikiwemo ubakaji na madhara kwa afya ya mama, hata afya yake ya akili. Waliopaza sauti kupinga wakati huo walikuwa hasa Wakatoliki. Tena mwaka 1976 sehemu kubwa ya watu hao wa kiinjili walimpa kura Jimmy Carter, Mdemokrati na mwalimu wa shule ya Jumapili kutoka Georgia.

Paul Weyrich, mwanaharakati mhafidhina na mmoja wa waliohangaika zaidi kuwaunganisha na chama hicho, alieleza baadaye kwamba kilichowachokoza viongozi wa makanisa ni kodi. Serikali ilikuwa imeanza kuzinyang'anya msamaha wa kodi shule binafsi zilizobagua watu weusi, na Chuo Kikuu cha Bob Jones huko South Carolina, kilichowakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, kilipoteza msamaha wake, hadi Mahakama ya Juu ikaithibitisha hatua hiyo mwaka 1983. Wapo wanahistoria wanaoona hoja hiyo imetiwa chumvi. Kwa maoni yangu, kodi iliwakutanisha wachungaji, lakini waumini wa kawaida hawakuitika kwa ajili ya kodi. Waliitika utoaji mimba ulipowekwa mbele.

Mwaka 1979 Jerry Falwell, mchungaji wa Lynchburg, Virginia, akaanzisha Moral Majority, shirika la kuwaingiza Wakristo wahafidhina katika siasa. Mwezi Agosti mwaka uliofuata Ronald Reagan, mcheza filamu wa zamani aliyewahi kutalikiana, alisimama Dallas mbele ya maelfu ya watu, wachungaji wakiwa wengi, akawaambia kuwa anajua hawawezi kumuunga mkono, ila yeye anawaunga mkono wao. Alijua alichokisema, kwa kuwa tangu mwaka 1954 sheria inayakataza makanisa yenye msamaha wa kodi kumfanyia kampeni mgombea, na herufi ndogo ulizoziona zinatokana na sheria hiyo hiyo.

Lakini nguvu yao hasa iko kwenye kura za maoni za chama, yaani zile za kumteua mgombea wake, ambako wapiga kura hujitokeza wachache na kundi lililojipanga hutamba. Mhubiri wa televisheni Pat Robertson alishika nafasi ya pili katika kura hizo jimboni Iowa mwaka 1988, mbele ya George Bush aliyekuwa makamu wa rais. Hakupata uteuzi, ila mtandao wake ukazaa shirika la Christian Coalition, lililosambaza makanisani karatasi za aina ya hiyo yako. Tangu hapo ni nadra Mrepublican anayetaka urais kuthubutu kuwaudhi. Donald Trump aliwatolea hadharani mwaka 2016 majina ya majaji ambao angewateua Mahakama ya Juu, takriban wanane kati ya kila wazungu kumi wa kiinjili wakampa kura, naye akateua majaji watatu wa mahakama hiyo. Juni 2022 hukumu ya 1973 ikafutwa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba imani peke yake ndiyo inayoamua. Wakristo weusi, ambao wengi wao husoma Biblia kwa msimamo huo huo, huwapigia Wademokrati kwa wingi mkubwa. Wala chama hakiwatii siku zote: Agosti 2022 wapiga kura wa Kansas, jimbo la Warepublican, walikataa kuiondoa haki ya kutoa mimba katika katiba yao, na ilani ya chama ya mwaka 2024 ikaacha kudai marufuku ya nchi nzima, ikayaachia majimbo. Kwa hiyo ukitaka kuupima uzito wao hapo ulipo, angalia nani anapita kwenye kura za maoni za jimbo lako, kisha angalia analegeza nini akifika uchaguzi mkuu.

Wako,
Baba