Maswali ya Wasomaji: Neno la Kitabuni Libaki Kichwani

SWALI: Binti yangu ana miaka 9 na ninamfundisha nyumbani. Kila wiki nampa maneno 20 ya Kiswahili na maana zake. Ijumaa anapata yote, Jumatatu yameshapeperuka. Nataka kuacha orodha nitumie hadithi. Nianzie wapi? (Mama msomaji, Nakuru)

JIBU: Orodha yako imekosa sentensi. Mtoto aliyekariri kwamba butwaa ni mshangao ataandika “nilikuwa na butwaa”, na kwa hesabu ya orodha hajakosea. Lakini neno hilo lina mwenzake: mtu hupigwa na butwaa. Kitabuni angeyakuta yameshikana tayari.

Mama, anza na kitabu. Fungua ukurasa wa katikati, chukua maneno kama 100, asome kwa sauti na kukunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vikikunjwa viwili au vitatu, asome mwenyewe. Vikizidi vitano, msomee wewe. Hicho kigumu usikirudishe rafuni, maana ndicho chenye msamiati. Kile chepesi humpa kasi tu. Kwa hiyo viende viwili kwa pamoja. Kwa cha kusomewa, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kinafaa sana: majina ya ndugu wale watatu, Adili, Hasidi na Mwivu, yenyewe ni somo la maneno, na tabia ya kila mmoja inamweleza mtoto maana kuliko kamusi.

Sura moja inaweza kutoa maneno mapya 15. Chukua 5 tu kwa wiki, yale atakayoyakuta tena kwingine: sita (la kusita njiani, si la kuhesabu), duwaa, ghadhabu, sononeka, hadaa. Hadithi ikiwa ya baharini na likatokea foromali, mwambie ni mti unaofungiwa tanga, kisha msonge mbele. Hilo halihitaji kadi.

Jumatatu someni sura nzima bila kusimama kila mstari (kusimama mara mbili kunatosha, zaidi ya hapo hadithi inakufa na mtoto anaanza kupiga miayo). Ndipo mrudi kwenye zile sentensi, abahatishe maana kabla ya kufungua kamusi. Hapa ndipo utakapoona makosa yenye faida. “Alibaki ameduwaa mlangoni”: wengi husema anaomba dua. Usimwambie amekosea. Muulize nini kilitokea kabla, mtu huyo ameona nini, mdomo wake ukoje. Atafika.

Jumanne aandike kadi. Mbele anakili sentensi nzima ya kitabuni na kulipigia neno mstari. Nyuma anaweka maana kwa maneno yake na sentensi yake mwenyewe. Kadi yenye neno tupu mbele ni ile ile orodha yako iliyokatwa vipande. Jumatano mtafute jamaa za neno: sita, sitasita, sitisha; ghadhabu, ghadhibika, ghadhibisha. Kiswahili ni karimu hapa, neno moja huja na ukoo wake. Alhamisi asimulie sura upya kwa mdomo, kadi 5 zikiwa mezani, na kila neno analolitumia mahali pake kadi inaondolewa. Ijumaa hakuna mtihani. Kadi zirudi baada ya wiki, halafu baada ya mwezi. Iliyosahaulika inaanza upya na kundi jipya.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 10 analalamika kwamba maneno ya kitabuni hayamo kwenye kamusi. Nimenunua kubwa, bado hayaoni. (Baba msomaji, Mwanza)

JIBU: Yamo, ila yamevuliwa nguo. Kamusi huorodhesha kitenzi bila viambishi vya mbele, kwa hiyo “walipomsononesha” avue wa-, -li-, -po-, -m-, abaki na sononesha; asipoliona ashuke hadi sononeka. “Hasomi” na “asome” yote yanarudi kwenye soma, lakini samehe, sahau na jibu hayageuzwi mwisho, na anayetafuta “jiba” atatafuta mpaka usiku. Kula yumo kwenye la, kunywa kwenye nywa.

Nomino huwa katika umoja: ndimi atafute ulimi, nyufa atafute ufa, meno atafute jino. Kisha angalia matamshi ya nyumbani. Mtoto anayesema “zarau” atapekua herufi Z yote wakati dharau limekaa zake kwenye D. Mfanyie zoezi la kuvua tu, maneno 6 kwa dakika 10, kamusi ikiwa imefungwa. Ifunguliwe mwishoni kuhakikisha.

SWALI: Tunaishi Minneapolis. Nikimsomea mwanangu wa miaka 6, nibadilishe maneno magumu kwa mepesi? (Baba msomaji)

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Mtoto aliyekulia ughaibuni maneno ya jikoni na ya kukaripiwa anayo ya kutosha. Haya ya kitabuni hatayasikia mahali pengine. Soma kama yalivyoandikwa na upachike maana bila kubadili sauti: “Mzee alighadhibika, alikasirika sana, akashika bakora yake.” Mara ya pili fanya hivyo hivyo. Mara ya tatu (na watoto wa umri huo hudai hadithi ile ile hata mara kumi) liache “alikasirika sana”, usome “alighadhibika”, unyamaze kidogo. Akikujazia mwenyewe, siku nyingine usilifafanue tena. Akikutazama tu, lipachike na uendelee.