Swali la lugha: sensa, kihisi au kipimo?

SWALI: Natafsiri makala ya kitafiti kuhusu vifaa vinavyobaini kemikali katika damu na majini. Mhariri mmoja anataka "sensa ya molekuli", mwingine "kihisi cha molekuli", wa tatu anauliza kwa nini nisiseme "kipimo" basi. Nimfuate yupi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: "Sensa" iache. Mtanzania akiliona neno hilo anamngoja karani wa kuhesabu watu mlangoni. "Kihisi" kinafaa, ila usiteleze ukaandika "kihisishi", hicho ni cha sarufi, ndiyo akina "lo!" na "salaale!".

"Kipimo" kimebebeshwa mengi mno: ni kifaa, ni tendo la kupima, na hata kiasi cha dawa. Tazama mashine ya kupima sukari ya damu. Tone la damu likigusa stripu (kile kijikanda cha kupimia), kimeng'enya, yaani protini inayochochea mmenyuko, kwa mfano glukosi oksidesi, kinaikamata glukosi, ndiyo sukari ya damu, na kuziacha molekuli nyingine. Mmenyuko huo unatoa elektroni, na umeme unaopita unaongezeka kadiri sukari ilivyo nyingi. (Wazo la kukioanisha kimeng'enya na elektrodi, kipande kinachopitisha umeme, lilielezwa na Clark na Lyons, Marekani, mwaka 1962.) Pale kwenye stripu ndipo kilipo kihisi. Kifaa kizima kinachosoma namba kiite "kipimasukari", kwa muundo wa kipimajoto na kipimamvua. Ukiyachanganya hayo mawili, sentensi kama "kihisi kiliharibika" haitamwambia msomaji abadilishe stripu au anunue mashine nyingine.

Kipimo cha haraka cha malaria hakitoi namba. Kingamwili zilizopakwa humo zinanasa protini ya kimelea, mstari unajitokeza, basi. Kwa mantiki ningekiita "kitambuzi", lakini zahanati nzima inasema "kipimo", nami sitashindana na wauguzi.

Sasa hilo "cha molekuli". Kinahisi molekuli, au kimeundwa kwa molekuli? Kihusishi "-a" hakiamui. Ukimaanisha namna kinavyofanya kazi, andika "kihisi cha kimolekuli". Bora zaidi, taja kinachotafutwa: "kihisi cha glukosi", "kihisi cha sumukuvu" kwa mahindi na karanga. Ukifika kwenye maji yenye risasi, ongeza "madini ya", la sivyo msomaji atadhani unaeleza kifaa cha polisi.