Mama atachomwa chembe za mionzi, je mjukuu ampakate?

SWALI: Shikamoo mtaalamu, naandika toka Kibosho, Moshi. Mama ana saratani ya titi, amepangiwa oparesheni na siku moja kabla atachomwa dawa yenye chembe za nano za mionzi. Anaishi na mjukuu wa miezi 8, je hatamdhuru? Na kwanini wasitumie hizo hizo chembe kuiua saratani, maana nimesoma mtandaoni kwamba zinatibu?

JIBU: Marahaba dada, pole sana na kuuguza. Mimi ni mfizikia wa tiba hapa Arusha, naanza na mtoto maana najua ndo anakunyima usingizi. Atakachochomwa mama ni nanokoloidi, yaani vichembe vya protini ya albumini vilivyobebeshwa teknishiamu-99m, yaani kitu kinachotoa mionzi, na hiyo teknishiamu kila baada ya saa 6 nguvu yake inabaki nusu, kwa hiyo akichomwa saa 4 asubuhi, kesho yake muda ule ule imebaki sehemu 1 kati ya 16, keshokutwa 1 kati ya 256, na dozi yenyewe toka mwanzo ni ndogo sana hata ukilinganisha na ya skani ya mifupa. Msimtenge mama, kuleni naye, kaeni naye. Mjukuu usiku ule wa kwanza alale kwako tu, akitoka hospitali ampakate atakavyo.

Sasa kwanini nano. Vile vichembe vingi havizidi nanomita 80, unywele wako ni mnene kama mara elfu moja zaidi ya hapo, na saizi hiyo ndo siri yenyewe, kichembe kikiwa kikubwa mno kinabaki pale pale kilipochomwa, kikiwa kidogo mno kinaupita mtoki (tezi ya limfu) wa kwanza kinaenda zake mbele, ila hiki cha kati kinabebwa na maji ya limfu mpaka mtoki wa kwanza wa kwapani kinanaswa humo. Tunauita mtoki mlinzi, maana seli za saratani zikitoka kwenye titi nazo zinapita njia hiyo hiyo. Daktari wa upasuaji anapitisha kifaa kama kalamu nene kwapani, kinalia zaidi kikifika penye mionzi, anatoa mtoki huo, mara nyingi mmoja mpaka mitatu, unapimwa patholojia kama una seli za saratani. Ukiwa safi mingine haiguswi. Zamani walikuwa wanasafisha kwapa lote na wamama wengi mkono ulivimba miaka na miaka, na mama wa Kibosho asiyeweza kukata majani ya ng'ombe wala kubeba mkungu wa ndizi, hilo wewe unalijua kuliko mimi, ndo maana nakipenda sana hiki kipimo.

Kuhusu kutibu. Teknishiamu inatoa miale ya gama, inapenya inatoka nje kamera iione, haibaki kuunguza uvimbe. Ya kutibu inataka miale ya beta, kama ya lutetiamu-177, ambayo inaishia ndani ya milimita chache tu. Ni kweli tafiti za kuifunga kwenye chembe za nano zipo nyingi, na toka 1986 Wajapani Matsumura na Maeda walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe inavuja kwa hiyo chembe zinaweza kujikusanya humo. Shida ni ini na bandama, zinazikamata chembe nyingi kabla hazijafika. Uchambuzi mmoja wa 2016 uliokusanya tafiti za miaka 10, karibu zote za wanyama, ulikuta kinachofika kwenye uvimbe kwa wastani wa kati ni 0.7% ya kilichochomwa, sasa fikiria iliyobaki ni mionzi ya kuunguza, na nyingi yake imekaa kwenye ini na bandama la mama. Dawa za lutetiamu zinazotumika hospitalini leo ni molekuli ndogo, siyo nano, na siyo za saratani ya titi. Kwa hiyo dada nakuomba oparesheni isisogezwe hata wiki moja kwa kusubiri hizo za mtandaoni.

Halafu waulize kama watachoma na rangi ya bluu wakati wa oparesheni, wengi wanafanya hivyo, na mama akikojoa mkojo wa bluu au kijani siku moja mbili msishtuke, ni ile rangi tu inatoka.