Halmashauri "isiyo na udhibiti" ni ipi hiyo?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri historia ya uchaguzi katika wilaya ya Tandridge, huko Surrey, Uingereza. Nimeanza hivi: "Historia ya uchaguzi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Tandridge. Halmashauri ilichaguliwa kwa theluthi, na baadaye ikawa haina udhibiti wa jumla." Mwenzangu ofisini anasema hiki ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Nimekosea wapi? Na hili neno "chaguzi" ni sahihi, au uchaguzi hauna wingi?
Msomaji, Dodoma

Jibu: Marahaba. Mwenzako kasema kweli, tena kakuonea huruma. Sentensi yako ya pili nilimsomea mke wangu akiwa anachambua mchele. Akainua kichwa: "Kwani madiwani walipigana?"

Ndivyo anavyosikia Mswahili yeyote. Kinachokosa udhibiti kwetu ni gari lililokatika breki, au darasa ambalo mwalimu katoka. Halmashauri unayoisimulia ilikuwa imetulia kabisa, inakusanya taka na kutoa vibali vya ujenzi kama kawaida. Kilichokosekana ni chama chenye zaidi ya nusu ya viti, basi. Tandridge kwa miaka mingi ilikuwa na madiwani 42, kwa hiyo chama kilihitaji 22 ili kiongoze peke yake. Kikiwa na 21 kimeishia mlangoni. Andika: "hakuna chama kilichopata zaidi ya nusu ya viti." Usikimbilie "hakuna chama kilichopata viti vingi," kwa sababu chama chenye viti 18 huenda kina vingi kuliko wenzake wote na bado hakijafika. Kwenye jedwali, ambako nafasi ni finyu, "Hakuna chama chenye wingi" inatosha.

Sasa theluthi. Ukisema mtu kachaguliwa "kwa theluthi," msomaji anaelewa kwamba alipata theluthi ya kura, kama tunavyosema bungeni kwamba marekebisho ya katiba yamepita kwa theluthi mbili. Tena huyo msomaji hana pa kushikia, maana Tanzania madiwani wote huchaguliwa siku moja na Rais na wabunge, na Kenya wawakilishi wadi ni vilevile. Baadhi ya wilaya za Uingereza zina utaratibu mwingine: kila diwani anakaa miaka minne, lakini hawamalizi muda kwa pamoja. Mwaka huu wanatoka 14, mwakani 14 wengine, mwaka unaofuata 14 waliobaki, na mwaka wa nne wilaya inapumzika ili wananchi wachague madiwani wa kaunti. Hili halibebwi na maneno mawili. Lieleze mara moja mwanzoni: "kila uchaguzi ulihusu theluthi moja ya viti." Ukishafanya hivyo, huko mbele msomaji hatashangaa akikuta chama kimeshinda viti 9 kati ya 14 na bado hakiongozi halmashauri.

"Uchaguzi kwa halmashauri" ondoa. Hiyo *kwa* imeingia ikifuata kihusishi cha Kiingereza. "Uchaguzi wa halmashauri" inakubalika, ila mimi ningeandika "uchaguzi wa madiwani," kwa sababu wanaopigiwa kura ni watu.

Chaguzi ni sahihi. Ukuta, kuta, ufunguo, funguo, uchaguzi, chaguzi. Wanaolikataa wanalichukulia neno hili kama uzuri au utoto, vitu visivyohesabika. Wakati mwingine wana haki: "uchaguzi ni haki ya raia" haina haja ya wingi. Ila wewe unahesabu matukio. Halmashauri hizi za wilaya zilianza kazi rasmi tarehe 1 Aprili 1974, chini ya sheria ya mwaka 1972, lakini madiwani wake wa kwanza walichaguliwa mwaka mmoja kabla, 1973. Tangu hapo wamepiga kura mara nyingi mno, na zote hizo ni chaguzi. Kichwa chako kiwe "Historia ya chaguzi za madiwani wa Tandridge."

Diwani, kata na uchaguzi mdogo vitumie bila wasiwasi. Ukiandikia Wakenya, kata iwe wadi. Chunga tu wingi wa diwani: watu ni *madiwani*, vitabu vya mashairi ni *diwani*. Nimewahi kusoma kwamba "diwani wa wilaya zimeapishwa," nikajiuliza zimeapishwa na mshairi gani.

Mtego mkubwa uko kwenye Surrey yenyewe. Najua utashawishika kuiita mkoa, kwa kuwa iko juu ya wilaya. Usifanye hivyo. Mkoa wetu una Mkuu wa Mkoa aliyeteuliwa na Rais, na hauna madiwani wake. Surrey unayoisimulia ina madiwani wake waliopigiwa kura na wananchi walewale wa Tandridge, katika mwaka wao tofauti. Iite kaunti, hata kama msomaji wa Dodoma atawaza Kenya kwanza. Na ukikutana na mwenyekiti wa halmashauri, tazama kama ndiye mwenye maamuzi: kule mara nyingi mwenyekiti anaongoza vikao na kuvaa mkufu wa cheo tu, na anayeshika usukani anaitwa kiongozi wa halmashauri.