Maktaba Iliyojaa Si Lazima Iwe Maktaba Nzuri

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mkutubi kijana aliyekabidhiwa maktaba ya shule ya sekondari. Anauliza kama anaweza kuondoa vitabu rafuni, ilhali mkuu wa shule amemweleza kwamba maktaba husifiwa kwa wingi wa vitabu. Namjibu hapa, kwa kuwa swali hilo liliwahi kunitoa machozi.

Mwaka 2013 nilikuwa na vitabu zaidi ya elfu nne, vingi vya msaada, na nilijivunia kila kimoja. Siku moja mwalimu wa Baiolojia akaniletea daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeandika, kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba malaria hutibiwa kwa klorokwini. Tanzania ilikwisha kuiacha klorokwini kama tiba ya kwanza mwaka 2001, na tangu 2006 tunatumia dawa mseto. Mtoto yule hakubuni: alinakili kutoka kitabu cha rafu ya 616, namba ya vitabu vya magonjwa katika mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, ambacho nilikigonga mhuri na kukibandika namba kwa mkono wangu mwenyewe.

Likizo ile nilichambua rafu zote kama mtu anavyochambua mchele. Nilianza na kundi la 600, kwa sababu maarifa ya tiba na kilimo hupitwa na wakati upesi, kisha nikaingia 900, kundi la historia na jiografia, ambako atlasi zilikuwa bado zinaonyesha Zaire na hazikuijua Sudan Kusini. Riwaya nilizikagua kwa uchakavu tu. Nyuma ya kila kitabu niliangalia karatasi ya tarehe za kuazima, ingawa karatasi hiyo haisemi yote, kwani vitabu vingine husomwa humo humo maktabani. Ndiyo maana kabla ya likizo niliwaomba wanafunzi waviache mezani, nikavihesabu kila jioni kabla ya kuvirudisha. Kitabu kilichokaa miaka mitano bila kuguswa nilimwonyesha mwalimu wa somo kabla ya kuamua.

Nilipowasilisha orodha ya vitabu mia sita vya kufutwa kwenye rejesta, nilisimamishwa mbele ya kikao cha walimu nikaambiwa naharibu mali ya shule. Maneno yale yananiuma hadi leo. Hata hivyo nakiri kwamba sikuwa nimeomba kibali cha maandishi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na kibali. Andika utaratibu wa ukurasa mmoja, mkuu wa shule autie sahihi, kisha kagua kundi moja kila muhula, wala usisubiri rafu zioze. Msaada nao uombe orodha na miaka ya uchapishaji kabla ya kupokea boksi. Ukutubi ni dhamana: mwanafunzi hana namna ya kujua kwamba kitabu ulichompa kimepitwa na wakati, na asiyekagua rafu zake amegeuka mlinzi wa stoo.

Kwangu, rafu ya 616 ina vitabu kumi na viwili tu. Jana jioni, tisa kati ya hivyo nilivikuta mezani.